Namba Saba Walisimama Sita

Wadau, leo nimepatikana. Na sijapatikana kichochoroni, mahali ambapo mtu anaweza kujikung'uta vumbi akaendelea na safari zake. Nimepatikana mchana, mbele ya watu ishirini na wanne, msimamizi wangu wa chuo akiwa wa ishirini na tano, nami nimevaa tai.

Naandika nikiwa kwangu Mkuyuni, miguu imo ndani ya beseni la maji ya moto (viatu vipya na mawe ya ufukweni havipatani). Nimekula, nimeshiba, moyo umetulia. Ila nisipowasimulia mimi, Minza atawasimulia kabla yangu, na yeye ana picha. Minza mtamjua muda si mrefu.

Kwa wasionifahamu: naitwa Deo, nasoma shahada ya uzamili ya takwimu kule Nyegezi. "Nasoma" ni neno la heshima. Mwaka jana wenzangu walivaa majoho, mimi nikawashikia mikoba wakati wanapiga picha. Msimamizi wangu, Dokta Asimwe, alikataa kusaini tasnifu yangu. Alisema nina hesabu nyingi na sina watu. Mwaka huu mwisho wa kurudisha fomu ni Ijumaa hii. Bila sahihi yake jina langu haliingii kwenye orodha ya wahitimu, na nitasubiri mwaka mwingine mzima. Mama yangu ameshatangaza kanisani. Nguo ameshashona.

Utafiti wangu wenyewe ni huu. Ng'ambo, upande wa Sengerema, kuna mwalo mdogo ambapo mitumbwi inashusha dagaa. Hapo kuna kikundi cha wakaushaji: wanawake ishirini na watatu na mwanaume mmoja. Wanakausha juu ya vichanja, zile meza ndefu za miti zilizotandikwa nyavu. Vichanja viko ishirini na vinne, kila kimoja kimepakwa namba kwa rangi nyekundu mguuni. Dagaa wakinyeshewa, au wasipogeuzwa, wanaharibika na kuishia kuwa chakula cha kuku. Mimi niliwapa mafunzo ya kupunguza uharibifu huo, kisha nikataka kujua kama yamesaidia.

Hapa ndipo nilipojiona bingwa. Sikilizeni vizuri, ni rahisi. Ukipima kitu kimoja mara nyingi, tuseme kina cha ziwa kila asubuhi kwenye nguzo ileile, huo unaitwa mfululizo wa muda. Ukiwafuata watu wengi na kumpima kila mmoja wao mara nyingi, hizo zinaitwa data za paneli. Uzuri wa paneli ni kwamba mtu analinganishwa na yeye mwenyewe: yeye wa leo na yeye wa miezi sita iliyopita. Sharti lake ni moja tu, nalo limeandikwa mwanzoni kabisa mwa kila kitabu. Wawe watu walewale. (Nimelifundisha sharti hilo darasani mara nne. Kwa kalamu nyekundu.)

Dagaa huvuliwa wakati mwezi haupo angani, kwa sababu huvutwa kwa taa. Mwezi ukikaribia kujaa, mitumbwi inapumzika. Kile kipindi cha kazi watu wa mwaloni wanakiita giza. Basi nikapanga kupima magiza sita mfululizo.

Giza la kwanza nilikwenda mwenyewe na ubao wangu wa kuandikia, nikazunguka kichanja hadi kichanja. Majina sikuandika, maana maadili ya utafiti yanataka watu wafichwe. Na hata ningeandika, pale mtu mmoja ana jina la ubatizo, jina la Kisukuma na la Mama Fulani juu yake. Nikatazama mguu wa kichanja, nikaona namba nyekundu, nikaona Mungu amenirahisishia kazi. Aliyesimama kwenye kichanja cha saba nikamwandika mshiriki namba saba. Mwanaume, miaka sitini na moja. Katika kila ndoo kumi za dagaa wake, nne zilikuwa zimeharibika.

Magiza matano yaliyofuata sikwenda. (Msinitazame hivyo. Nilikuwa nafundisha.) Katibu wa kikundi, huyo Minza, dada mwenye mwandiko wa kuvutia kuliko wangu, ndiye aliyejaza fomu na kunitumia picha zake kwa simu. Namba ya kichanja, umri, jinsia, ndoo zilizotandazwa, ndoo zilizoharibika. Hakuchelewa hata mara moja.

Picha za giza la pili zikaingia. Namba saba: mwanamke, miaka ishirini na nne.

Nikaitazama hiyo fomu. Mtu amepungua miaka thelathini na saba ndani ya mwezi mmoja na amebadilika jinsia. Mtu mwenye akili timamu angepiga simu kuuliza. Mimi nikamwandikia Minza ujumbe: "Dada, tafadhali jaza umri na jinsia kwa makini."

Akajibu: "Sawa mwalimu. Nimejaza kwa makini."

Nikafuta ishirini na nne, nikaweka sitini na moja. Nikafuta mwanamke, nikaweka mwanaume. Kisha nikahamia namba nane, nikafanya vilevile. Sisi watu wa takwimu tunaiita kazi hiyo kusafisha data. Nilisafisha vichanja ishirini na vinne kwa magiza matano, na nikajipongeza kwa soda baridi.

Kulikuwa na jambo moja tu lililonisumbua. Nilipochora grafu, niliona kila giza kuna mshiriki mmoja anayeharibikiwa vibaya kuliko wote, na kila giza ni jirani wa yule wa giza lililopita. Giza la kwanza namba saba, la pili namba nane, la tatu namba tisa, hivyohivyo mpaka kumi na mbili. Kama kitu kinatembea. Nikawaza siku mbili. Siku ya tatu nikapata jibu, nikapiga meza kwa furaha: upepo. Nikaandika kurasa kumi na moja juu ya upepo wenye unyevu unaosogea polepole kando ya ziwa. Niliweka na ramani. Ramani ilikuwa na mishale.

Na kilichonifurahisha zaidi ni huyo namba saba wangu. Alianza na ndoo nne mbovu katika kumi, giza la pili akashuka hadi moja, na hakupanda tena. Hakuna mwingine aliyebadilika namna hiyo. Nikasema, mafunzo yangu yameokoa mtu mzima na familia yake.

Dokta Asimwe akasoma rasimu, akairudisha na sentensi moja kwa kalamu ya bluu: "Wasomee kwanza wenyewe, nami niwepo." Ndiyo tukapanga leo, wakati mbalamwezi imewapumzisha watu wa mwaloni.

Asubuhi tukakutana kwenye kivuko. Nilibeba karatasi za manila zenye grafu, laptopu, na boksi lenye chupa kubwa ya chai niliyoinunua sokoni kuwa zawadi ya mshiriki bora.

"Shikamoo Dokta."

"Marahaba. Leo umekuja na watu au na hesabu?"

"Vyote, Dokta."

Akatazama maji kwa muda. Dokta Asimwe ni mama mpole, ila ana tabia ya kunyamaza mpaka wewe mwenyewe uanze kujitilia shaka. Miaka mitatu ananisimamia, sijawahi kuona meno yake.

"Huu upepo wako," akasema, "umewahi kuuona?"

"Umeonekana kwenye data, Dokta."

"Sijauliza data imeona nini."

Nikacheka kidogo, kwa adabu. Yeye hakucheka.

Tulipofika, watu wote walikuwa wameshakaa ndani ya banda la kikundi, wengine kwenye mabenchi, wengine juu ya ndoo zilizofudikizwa. Mimi ni Mjita, Kisukuma changu ni cha kuokoteza, lakini nikajitutumua. "Mwangaluka," nikasema. Wakaniitikia kwa furaha, banda zima. Mwenyekiti wao, Mama Kabula, mama wa makamo ambaye sauti yake inaweza kugeuza mtumbwi uliokwisha ondoka, akatukaribisha na kutupa viti viwili vya plastiki. Nikajisikia nyumbani. Nikabandika manila zangu ukutani, nikakaza tai, nikaanza.

Nikaona nisiwachoshe na maneno ya chuoni. Nikawauliza, "Akina mama, mtoto akizaliwa anapewa nini kliniki?"

"Kadi," wakasema.

"Na kila mwezi?"

"Anapimwa uzito, anachorewa."

"Basi na mimi nimewafanyia hivyohivyo. Kila mmoja wenu ana kadi yake kwenye kompyuta yangu. Kila giza nimemchorea ameharibikiwa ndoo ngapi. Ndiyo maana naweza kusema nani amepanda na nani ameshuka."

Mama Kabula akaitikia kwa kichwa. "Hiyo tumeielewa, mwalimu. Na kadi ya mtoto wa mtu huchanganyi na ya mwingine."

"Hapohapo, Mama. Ndiyo siri yenyewe." Nikamtupia Dokta jicho la pembeni. Alikuwa anaandika kitu. Nikaamini ananisifia.

Nikapita haraka kwenye grafu ya upepo, wakaitazama kwa heshima. Kisha nikafungua boksi, nikaiinua chupa ya chai juu ili wote waione.

"Sasa. Katika watu wote ishirini na wanne, yupo mmoja aliyetushangaza. Alianza vibaya kuliko wenzake. Ndoo nne katika kumi zilikuwa zinamharibikia. Baada ya mafunzo, hakurudi tena huko. Ni mfano kwa mwalo mzima. Ni mshiriki namba saba. Na kwa kuwa namba saba ndiye mwanaume pekee humu, naomba sote tumpigie makofi mzee wetu."

Makofi hayakuja. Nilisikia kuku nje.

Vichwa vikageuka taratibu, kimoja baada ya kingine, kuelekea kona ya nyuma. Pale, juu ya ndoo, kofia ya pama imeshuka hadi puani, alikuwa amekaa Mzee Mabula. Mzee Mabula alirithi nafasi ya mke wake kikundini, Bibi Nyanzala, ambaye magoti yanamsumbua. Haya niliyajua. Nisichokijua, na ambacho kila mtoto wa mwalo ule anakijua, ni kwamba Mzee Mabula akishatandaza dagaa huondoka kwenda kucheza drafti dukani, na dagaa huonana naye tena akikumbuka.

Mama mmoja akaanza kucheka kwa pua. Halafu wa pili. Halafu likawa banda zima. Kuna mama alishika nguzo ili asianguke. Mwingine alitoka nje kabisa, na tukaendelea kumsikia akiwa huko. Mimi nikajua ni furaha, maana watu wa ng'ambo wanafurahia mafanikio ya mwenzao. Nikaongoza makofi. Nilikuwa napiga peke yangu, kwa nguvu.

Mzee Mabula hakushtuka hata kidogo, na kwa hilo namheshimu mpaka sasa. Alisimama, akarekebisha kofia, akaja mbele kwa mwendo wa taratibu, akapokea chupa kwa mikono miwili. Kisha akageukia wenzake.

"Kwanza namshukuru Mungu," akasema. "Pili, nawaasa akina mama. Dagaa ni kujituma."

Aliyekuwa ameshika nguzo akaiachia akakaa chini.

"Mzee, tupe siri ya mafanikio," nikamwambia. (Ndiyo, nilimwambia hivyo. Dokta ameandika kwenye daftari lake, nimeona.)

"Siri ni kuwageuza."

"Mara ngapi kwa siku?"

Mzee Mabula akafikiri. "Inategemea na siku," akasema.

Mama Kabula akainua mkono. Alikuwa anajifuta machozi kwa ncha ya kitenge. "Mwalimu, samahani. Hiyo namba saba unayoisema ni ya lini?"

"Ni ya magiza yote sita, Mama."

"Mbona giza lililopita namba saba nilikuwa mimi?" Akasimama.

Kabla sijajibu, akasimama msichana aliyebeba mtoto mgongoni. "Mimi ni Shija. Nilikuwa saba giza la pili." Miaka ishirini na nne, nikaiona usoni mwake kabisa. Akasimama bibi mmoja mwembamba, akasema yeye ni saba wa giza la tatu. Kisha wawili waliokuwa wamekaa benchi moja wakasimama pamoja, wa giza la nne na wa la tano, huku wanasukumana. Ukijumlisha na Mzee Mabula aliyekumbatia chupa yake pale mbele, namba saba walikuwa sita.

Wadau, mimi nimesoma takwimu miaka mitano. Hakuna sura ya kitabu inayosema ufanye nini mshiriki wako akisimama mara sita.

"Sisi tunahama, baba," Mama Kabula akanieleza, na sasa alikuwa ananionea huruma. "Vile vya mwanzo viko karibu na miti, ndege wanatuchafulia. Vya katikati vina jua zuri. Mtu mmoja akikaa kwenye jua siku zote na mwingine chini ya ndege, hiyo si haki. Kwa hiyo kila giza kila mtu anasogea kichanja kimoja mbele. Wa ishirini na nne anarudi wa kwanza. Ni tangu zamani."

"Hamkuniambia," nikasema. Sauti ilikuwa ya mtoto aliyepotea sokoni.

"Hukuuliza. Na Minza si alikuwa anakutumia umri wa kila mtu? Tukajua unaona."

Wote wakamgeukia Minza. Minza alikuwa amekaa mstari wa mbele, fomu zake ziko mapajani, zimepangwa. Alinitazama tu.

"Kwa hiyo," Mama Kabula akaendelea polepole, kama mtu anayetaka kuhakikisha hajamsingizia mwenzie, "ulimpima mtoto wangu, ukamchorea kwenye kadi ya jirani?"

"Ndiyo, Mama."

"Magiza sita?"

"Matano, Mama. La kwanza lilikuwa sawa."

Hapo ndipo Dokta Asimwe alipofunga daftari. "Deo," akasema, "una paneli nzuri sana."

Nikakaza tai tena.

"Ya vichanja," akamalizia. "Vichanja umevifuata vizuri, vilevile, giza baada ya giza. Tatizo ni kwamba vichanja havikuhudhuria mafunzo yako."

Akasimama, akaenda kwenye manila ya upepo, akaigonga kwa kidole. "Na huu ulimwengu wa mishale, nani anaweza kunieleza?"

Minza akainuka na fomu zake. Akaweka kidole kwenye saba, giza la kwanza. Akakipeleka nane, giza la pili. Tisa. Kumi. Kumi na moja. Kumi na mbili. Kila akigusa anatazama fomu, na kila akitazama fomu midomo inambana zaidi. Mwisho akageuka.

"Mwalimu," akasema, "upepo wako ndiye huyu hapa." Akamwonyesha Mzee Mabula.

Na Dokta Asimwe akacheka. Wadau, nimeyaona. Ana mwanya. Alicheka mpaka akavua miwani, akakaa kwenye kiti changu, akacheka tena. Kurasa kumi na moja. Ramani. Ina maana namba saba hakubadilika kuwa bora, bali Mzee Mabula alihama, akaenda kuharibu nane.

"Kipindi hicho nilikuwa na wageni," Mzee Mabula akajitetea.

"Magiza sita?" Shija akamuuliza.

"Walikaa."

Mimi sikucheka. Nasema ukweli, pale niliumia. Nilimfikiria mama yangu na ile nguo aliyoshona. Niliona joho likiondoka mara ya pili, na safari hii hata wa kumshikia mkoba sina, wenzangu wote wameshamaliza. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba Dokta alikuwa amenipa jibu mwaka jana: sina watu. Nikaanza kubandua manila zangu ukutani taratibu, ili nipate kitu cha kufanya na mikono.

"Unabandua nini?" Minza akaniuliza.

"Imeharibika, dada."

"Si usogeze tu?"

"Nisogeze nini?"

"Watu. Giza la pili warudishe nyuma kichanja kimoja. La tatu, viwili. La nne, vitatu. Hatuhami ovyo, mwalimu, tunahama kwa orodha. Na umri wote ninao hapa, ule niliojaza." Akazinyoosha fomu zake. "Kwa makini."

Nikamtazama Dokta. Dokta akasogeza kiti.

Tukaweka laptopu juu ya ndoo. Minza anasoma, mimi nasogeza mistari, Mama Kabula anasimama nyuma yangu kuthibitisha. "Giza la nne kichanja cha kumi na tano." "Huyo ni mke wa marehemu fundi, miaka arobaini na tatu." "Weka." Kila tuliposogeza, umri ulikaa mahali pake. Miaka iliacha kurukaruka. Hakuna aliyebadilika jinsia. Kazi niliyoiharibu kwa mwezi mzima wa kusafisha ilirudi ndani ya saa moja hivi, tena tukiwa tunakula mihogo ya kuchemsha.

Nikachora upya. Na hapo, jamani, nilipata raha ambayo sikuitegemea. Asubuhi grafu yangu ilikuwa vurugu tupu na upepo katikati. Sasa mistari ishirini na mitatu ilikuwa inashuka, giza hadi giza, pole pole, kila mmoja kwa mwendo wake. Mafunzo yalikuwa yamesaidia. Yalimsaidia karibu kila mtu, kidogo kidogo, na mimi nilikuwa nimeyafukia chini ya namba za vichanja.

Akina mama wakasogea. "Wa kwangu uko wapi?" "Huu." "Mbona umepanda hapa katikati?" "Wewe si ulikwenda msibani wiki nzima?" "Kweli." Shija alishusha mtoto mgongoni ili aone vizuri mstari wake, akaufuata kwa kidole mpaka mwisho, kisha akarudia. Akatabasamu.

Mstari wa ishirini na nne ulikuwa juu kabisa, peke yake, umenyooka. Haukupanda wala haukushuka. Hakuna aliyeuliza ni wa nani. Tulipogeuka, Mzee Mabula alikuwa ameshaondoka, na chupa ya chai pia.

"Mwacheni," Mama Kabula akasema. "Bibi Nyanzala alikuwa hana chupa." Lakini akamwambia Minza aandike kwenye ajenda ya kikao kijacho kwamba Bibi ndiye atakayekuwa anakaa kwenye kiti kando ya kichanja kusimamia, na mzee afanye kazi ya kusimama.

Kwenye kivuko cha kurudi begi langu lilikuwa na kilo mbili za dagaa safi kabisa, zawadi ya kikundi. Dokta Asimwe alitazama maji. Mara mbili nilimwona mabega yanatikisika, nikajifanya naangalia ndege.

"Sura ya nne yote upya," akasema hatimaye. "Upepo utoe. Yule mzee abaki namba, jina lake nisilione. Na ukurasa wa shukrani umtaje Minza kabla yangu."

"Sawa, Dokta."

"Ijumaa saa tatu asubuhi ofisini kwangu. Nitasaini."

Nikamuuliza tena kama nimesikia vizuri. Akasema nimesikia. "Mwaka jana ulikuwa na hesabu," akasema. "Leo nimewaona watu wako. Mmoja wao nimemwona sana."

Nimempigia mama. Amepiga vigelegele mpaka majirani wakauliza kuna nini. Sikumsimulia mengine, nimemwambia tu kazi imekwenda vizuri na kuna marekebisho madogo. (Sura nzima, kwa siku tatu. Madogo.)

Sasa nilipokuwa namalizia kuwaandikia haya, simu ikaita. Mzee Mabula. Namba yangu amepewa na Minza, bila shaka kwa makusudi.

"Mwalimu, ile hesabu mpya, yule mama wa chuo ameshaisaini?"

"Bado, Mzee. Anasaini Ijumaa."

Nilisikia anamimina chai.

"Kwa hiyo mpaka Ijumaa mimi bado ni mshindi."

Nikashindwa kumkatalia. Na ninyi nawaomba hivyohivyo: mpaka Ijumaa saa tatu asubuhi, asicheke mtu.